Kengele zinapolia kila dakika: kwa nini msimamizi wa mifumo anarudi darasani

Miaka michache iliyopita, nikiwa zamu ya alfajiri katika kituo kimoja cha redio nilichofanyia kazi kabla ya hapa, nilisoma taarifa ya habari ya saa 12:00 asubuhi kwa dakika kumi nzima bila msikilizaji hata mmoja kunisikia. Studio ilikuwa na umeme, kipaza sauti kilikuwa wazi na taa nyekundu ilikuwa inawaka. Kilichokuwa kimekufa ni kompyuta inayopeleka sauti kutoka studio hadi kwenye mtambo wa kurushia matangazo mlimani. Diski yake ilikuwa imejaa.

Diski kujaa ni jambo la kawaida. Kilichoniuma ni kujua kwamba mfumo ulikuwa umetoa taarifa mapema. Fundi wetu aliponionyesha simu yake asubuhi ile, ujumbe wa tahadhari kuhusu diski hiyo ulikuwepo, umeingia saa 8:00 usiku. Ulikuwa umefunikwa na jumbe nyingine zaidi ya 200 za usiku huohuo: printa imezimika, kompyuta ya mapokezi haijibu, prosesa imepanda, prosesa imeshuka, prosesa imepanda tena.

"Dada, mimi nikienda kulala huwa nazima sauti," aliniambia. "Nikiiacha ikilia, silali kabisa."

Sikuwa na la kumlaumu. Mtu yeyote angezima. Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia kazi ya watu hawa tunaowaita mafundi wa kompyuta, na hasa jambo moja ambalo viongozi wa ofisi nyingi hulitilia shaka linapofika mezani kwao: ombi la fundi kwenda mafunzo ya juu ya programu ambayo tayari anaitumia kila siku. "Si tayari anaijua?" ndilo swali la kwanza. Makala hii inajaribu kulijibu.

Programu ya ufuatiliaji hufanya nini?

Benki yenye matawi, hospitali ya rufaa, chuo kikuu, kampuni ya simu au hata redio kama hii, zote zinaendeshwa na kompyuta nyingi ambazo mteja hazioni. Kuna seva zinazotunza taarifa, ruta na swichi zinazopitisha mawasiliano, betri za akiba, na programu zinazopokea malipo. Hakuna binadamu anayeweza kuzizungukia zote kila dakika. Kazi hiyo hupewa programu ya ufuatiliaji.

Programu hiyo huuliza maswali mafupi bila kuchoka. Upo? Nafasi kwenye diski imebaki kiasi gani? Ukurasa wa malipo unafunguka kwa sekunde ngapi? Joto la chumba cha seva ni nyuzi ngapi? Majibu huwekwa kwenye hifadhidata, hulinganishwa na viwango vilivyowekwa, na jibu likivuka kiwango, mtu hutumiwa tahadhari.

Programu za aina hii ni nyingi. Nagios ilianzishwa na Mmarekani Ethan Galstad mwaka 1999, wakati huo ikiitwa NetSaint. Prometheus ilizaliwa mwaka 2012 ndani ya kampuni ya muziki ya mtandaoni ya SoundCloud. Katika makala hii nitatumia zaidi mfano wa Zabbix, iliyoanzishwa na Alexei Vladishev wa Latvia. Aliianza mwaka 1998 akiwa msimamizi wa mifumo katika benki, akaitoa kwa umma mwaka 2001, na mwaka 2005 ikaundwa kampuni yenye makao yake Riga. Programu yenyewe haina ada ya leseni. Kampuni inaishi kwa kuuza huduma na mafunzo. Ndiyo sababu ngazi zake za mafunzo zimepangwa waziwazi na ni rahisi kuzieleza.

Ngazi nne, siku chache kila moja

Ngazi ya chini kabisa ni ya mtumiaji wa kawaida, na huchukua siku 1. Mtu hujifunza kusoma skrini: hii ni kengele gani, imeanza lini, nani ameishughulikia. Inayofuata ni ya siku 5, kwa msimamizi anayesimika mfumo kuanzia mwanzo, anayeongeza vifaa na kutengeneza kanuni za tahadhari. Ya tatu ni ya siku 3 na ya nne ni ya siku 5. Hizi mbili za mwisho ndizo tunazoziita mafunzo ya juu. Kila ngazi ina mtihani wake, na cheti hutaja toleo la programu ambalo mtu amefanyia mtihani.

Ukiangalia haraka utadhani ngazi za juu ni za kujifunza vitufe vingi zaidi. Vitufe vipo, lakini aliyepita ngazi za chini anajua tayari kukifanya kifaa chochote kitoe kengele. Tatizo analorudi nalo darasani ni lile la fundi wetu: kengele zimekuwa nyingi hadi hakuna anayezisikia. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mafunzo ya juu ni kujifunza kengele ipi inyamaze, ipi isubiri asubuhi, ipi imwamshe mtu, na utajuaje kwamba imemfikia.

Somo la kwanza: kuondoa kelele

Kelele zina vyanzo vinavyojulikana. Cha kwanza ni kipimo kinachoyumba mpakani. Tuseme umeweka kanuni kwamba prosesa ikifika asilimia 80, kengele ilie. Prosesa ikicheza kati ya 79 na 81 usiku kucha, utapata ujumbe wa tatizo, ujumbe wa nafuu, ujumbe wa tatizo, mpaka kunakucha. Dawa ina sehemu mbili. Usipime nukta moja, pima wastani wa dakika 10. Halafu weka mstari wa kuingia na mstari tofauti wa kutoka: tatizo lianze wastani ukipita 80, lakini lisihesabike limeisha mpaka wastani ushuke chini ya 70. Jumbe zilizokuwa makumi zinakuwa mbili.

Chanzo cha pili ni utegemezi. Ofisi ya wilaya ina ruta moja, na nyuma yake kuna vifaa 40. Ruta ikizimika, makao makuu hayavioni vifaa vyote 41, na kila kimoja kinalalamikiwa peke yake. Fundi anapokea jumbe 41 kwa tatizo moja, na ule wa ruta, ambao ndio wenye maana, unaweza kuwa wa 27 kwenye orodha. Msimamizi aliyefundishwa huueleza mfumo kwamba vifaa hivi 40 vinapitia ruta hii. Ruta ikianguka, taja ruta tu.

Chanzo cha tatu ni kazi iliyopangwa. Kama seva itazimwa Jumamosi saa 4:00 usiku ili ibadilishwe diski, mfumo uambiwe mapema. Wengi hawafanyi hivyo, na matokeo yake timu nzima hujifunza tabia mbaya ya kupuuza kengele za Jumamosi.

Cha nne ni kiwango kilichonakiliwa kwa kila kifaa bila kufikiri. "Diski ikijaa asilimia 90, toa tahadhari" ni kanuni inayosikika vizuri. Lakini kwa diski ya gigabaiti 100, asilimia 10 iliyobaki ni gigabaiti 10. Kwa diski ya terabaiti 10, iliyobaki ni terabaiti 1 nzima, na huenda ikatosha mwaka mzima. Mafunzo ya juu hukufundisha kuuliza swali lenye faida zaidi: kwa mwendo huu wa sasa, diski itajaa baada ya saa ngapi? Zabbix ina hesabu maalumu ya kukadiria hilo. Diski iliyobakiza gigabaiti 40 na inayoliwa gigabaiti 2 kila saa ina saa 20 za kuishi. Kwa kanuni ya namna hiyo, diski yetu ingetajwa mchana uliotangulia, fundi akiwa ofisini na chai yake mezani, badala ya saa 8:00 usiku.

Zabbix hugawa uzito wa matatizo katika ngazi 6, kutoka lisilopangwa hadi maafa. Msimamizi asiyefundishwa huweka karibu kila kitu kwenye ngazi za juu kwa kuogopa lawama. Kanuni inayosaidia ni hii: kinachostahili kumwamsha mtu usiku ni kile ambacho mtu huyo anaweza na anatakiwa kukifanyia kitu usiku huohuo. Printa inaweza kusubiri asubuhi.

Somo la pili: hesabu ya takwimu zinazotunzwa

Hapa ndipo mifumo mingi iliyoanza vizuri huanguka. Tuchukue taasisi yenye vifaa 1,000, kila kimoja kikipimwa mambo 100, kila dakika moja. Hivyo ni vipimo 100,000 kwa dakika, zaidi kidogo ya 1,660 kwa sekunde. Kwa siku ni vipimo milioni 144.

Nyaraka za Zabbix hukadiria kwamba kipimo kimoja cha namba huchukua takriban baiti 90 kwenye hifadhidata. Zidisha: karibu gigabaiti 13 kila siku. Kwa mwaka ni zaidi ya terabaiti 4 na nusu, za kujua tu kama vifaa vingine ni vizima. Fundi aliyeweka "tunza kila kitu mwaka mzima" ataona skrini zikifunguka polepole, kisha kengele zikichelewa, kisha mfumo wa kulinda wenzake ukianguka wenyewe.

Suluhisho ni kutenganisha aina mbili za kumbukumbu. Vipimo vyenyewe, kimoja kimoja, hutunzwa kwa muda mfupi, tuseme wiki mbili. Kwa muda mrefu hutunzwa muhtasari wa kila saa: cha chini kabisa, wastani, na cha juu kabisa. Kwa taasisi ile ile, muhtasari ni mistari milioni 2.4 kwa siku badala ya milioni 144, yaani mara 60 pungufu. Bado utaweza kujibu swali la mkurugenzi kwamba mwaka jana mwezi kama huu mzigo ulikuwaje.

Kisha msimamizi hujiuliza kama kila jambo linastahili kupimwa kila dakika. Joto la chumba, ndiyo. Toleo la programu iliyomo kwenye seva, mara moja kwa siku inatosha. Kutumia kiolezo kimoja kwa vifaa vyote bila kupunguza visivyohitajika ndiyo njia ya haraka ya kujaza diski.

Somo la tatu: ofisi zilizo mbali

Wanaofanya kazi mikoani wanaijua hali hii. Mawasiliano kati ya tawi na makao makuu hukatika, hurudi, hukatika tena. Kama seva ya ufuatiliaji iko mjini na inauliza maswali moja kwa moja hadi tawini, kila kukatika huacha pengo. Mtandao ukirudi, hakuna anayejua nini kilitokea tawini katika dakika zile.

Ngazi ya tatu ya mafunzo hulishughulikia hili kwa kile kinachoitwa proksi. Ni kompyuta ndogo inayokaa tawini, inapima vifaa vya hapo, inatunza majibu, na kuyapeleka makao makuu mawasiliano yakiwepo. Yakikatika, inaendelea kupima na kuhifadhi. Yakirudi, inapeleka malimbikizo. Kwa mtandao wa hospitali au shule zilizotawanyika, tofauti ni kubwa: fundi anaweza kuona kwamba umeme wa tawini ulizimika dakika tatu kabla ya mawasiliano, na akajua aanzie wapi.

Somo la nne: kimya nacho ni habari

Sisi wa redio tunalijua hili vizuri. Vituo vingi huwa na kifaa kinachosikiliza matangazo yenyewe, na sauti ikipotea kwa sekunde kadhaa, kinapiga kengele au kuweka muziki wa akiba. Hakisubiri mtambo uripoti hitilafu, kwa sababu mtambo uliokufa hauripoti chochote.

Mfano bora ninaoujua wa somo hili ni wa GitLab, kampuni inayotunza kazi za waandishi wa programu duniani kote. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wao aliyechoka alikuwa akihangaika na hifadhidata mbili, kuu na ya akiba. Alitaka kufuta mafaili kwenye ile ya akiba. Akafuta kwenye kuu. Alipogundua na kusimamisha, kati ya gigabaiti zipatazo 300 zilikuwa zimebaki 4.5.

Wakakimbilia nakala rudufu za kila siku. Hazikuwepo. Programu ya kutengeneza nakala hizo ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, hivyo ilikuwa ikishindwa kila ilipojaribu. Kwa nini hakuna aliyejua? Mfumo ulikuwa ukituma barua pepe za kuripoti kushindwa, lakini barua hizo zilikuwa zikikataliwa njiani kwa sababu hazikuwa na uthibitisho wa mtumaji uliotakiwa. Kengele ilikuwa ikilia ndani ya chumba kilichofungwa. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi mmoja alikuwa ameichukua kwa mkono saa 6 hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Kilichoandikwa kwenye hifadhidata katika saa hizo 6 kilipotea. GitLab waliyaeleza haya yote hadharani wenyewe, na kwa hilo wamewafundisha wengi.

Tazama kosa lilipokuwa. Mfumo ulipangwa useme kitu kikiharibika. Ulipaswa pia kupangwa useme kitu kizuri kisipotokea. Kanuni sahihi ni: kama ndani ya saa 26 sijapokea taarifa kwamba nakala mpya imekamilika na ina ukubwa unaostahili, piga kengele. Kwa kanuni hiyo, nakala ikishindwa, programu ikifa, seva ikizimwa au barua ikipotea, matokeo ni yaleyale: mtu anaambiwa.

Somo la tano: mlinzi asilale nyumba moja na anayelindwa

Wengi mnaikumbuka jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021. Kuanzia saa 12:40 hivi jioni kwa saa za Afrika Mashariki, Facebook, Instagram na WhatsApp vilitoweka duniani kote kwa takriban saa 6. Kampuni ilieleza baadaye kwamba amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata mawasiliano kati ya vituo vyake vya data. Baada ya hapo intaneti ikapoteza njia ya kuvifikia. Zana ambazo wahandisi walizitegemea kuchunguza na kurekebisha zilikuwa zinapita kwenye mtandao uleule uliokatika. Ikabidi watu waende wenyewe kwenye majengo.

Sasa jiulize: ni mafundi wangapi wa huku kwetu wanaopokea tahadhari zao kwenye kundi la WhatsApp tu? Jioni ile, tatizo lolote kwenye seva zao lisingewafikia kwa njia hiyo.

Tukio la karibu zaidi ni la tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Taasisi iliyokuwa na seva zake ndani ya nchi na programu ya ufuatiliaji nje ya nchi, siku hiyo ilikuwa kipofu. Na ile iliyokuwa na kila kitu ndani lakini inatuma tahadhari kupitia huduma ya ng'ambo, ilikuwa bubu.

Mafunzo ya juu humlazimisha msimamizi kuchora njia nzima ya kengele, kutoka kwenye kifaa hadi sikioni mwa mtu, na kuuliza kila kiungo: hiki kikikatika, nitajuaje? Majibu ya kawaida ni ya gharama nafuu. Modemu yenye laini ya simu iliyochomekwa kwenye seva, inayotuma ujumbe mfupi wa kawaida bila kutegemea intaneti. Kompyuta ya pili, mahali pengine, ambayo kazi yake ni moja tu: kuangalia kama mfumo wa ufuatiliaji uko hai. Tangu toleo la 6.0 la mwaka 2022, Zabbix yenyewe huruhusu seva mbili, moja ikifanya kazi na nyingine ikisubiri kuipokea.

Somo la sita: anayeshika funguo zote

Kuna sababu nyingine ya kumfundisha mtu huyu vizuri, na haihusu kengele. Ili kupima kila kitu, programu ya ufuatiliaji hupewa ruhusa ya kuingia kila mahali. Ina nywila, ina ramani ya mtandao mzima, na mara nyingine inaweza kutoa amri kwenye seva.

Wadukuzi wanalijua hilo. Desemba 2020 iligundulika kwamba waliingia katika kampuni ya Marekani ya SolarWinds na kupenyeza msimbo wao ndani ya masasisho ya Orion, programu yake ya ufuatiliaji. Wateja wapatao 18,000 walipokea masasisho yale, yakiwemo mashirika ya serikali ya Marekani, ingawa waliolengwa na kuingiliwa zaidi walikuwa wachache kuliko hao. Walichokisimika ili kiwalinde ndicho kilichofungua mlango.

Kwa hiyo katika ngazi za juu mtu hujifunza kuipa programu ruhusa ndogo kadiri inavyowezekana, kuficha kwa msimbo data inayosafiri kati ya vifaa na seva, kutenganisha anayeruhusiwa kutazama na anayeruhusiwa kubadilisha, na kuzima uwezo wa kutoa amri kutoka mbali pale ambapo hauhitajiki.

Nani anaamshwa, na anaambiwa nini?

Mfumo uliopangwa vizuri una ngazi za watu pia. Tahadhari huenda kwanza kwa fundi wa zamu. Asipobonyeza kuthibitisha kwamba ameiona ndani ya dakika 15, inaenda kwa mwenzake. Ikipita nusu saa, inaenda kwa mkuu wa kitengo. Hili ni jambo la uongozi kuliko la kompyuta, kwa sababu linahitaji kuwe na zamu inayoandikwa, na watu zaidi ya mmoja. Ofisi yenye fundi mmoja anayetarajiwa kuamka kila usiku, mwaka mzima, haina mfumo wa ufuatiliaji. Ina mtu mmoja aliyechoka.

Ujumbe nao huandikwa upya. "Tatizo: SRV-03 diski 91" ni maneno ambayo mtu aliyeamka saa 9:00 usiku hayaelewi haraka. Linganisha na huu: "Kompyuta inayopeleka sauti mlimani itajaza diski ndani ya saa 2. Ikijaa, matangazo yatakatika. Anza kwa kufuta rekodi za zamani za zaidi ya siku 30." Wa pili una nini, madhara yake, na hatua ya kwanza.

Kabla ya kulipa ada

Kama wewe ndiye fundi unayeomba, au kiongozi unayeombwa kusaini, kuna mambo machache ya kuuliza.

Je, mhusika ameshaendesha mfumo huo kwa miezi kadhaa? Mafunzo ya juu kwa mtu ambaye hajawahi kusumbuliwa na kengele ni hela iliyopotea. Hatakuwa na matatizo ya kupeleka darasani.

Je, mafunzo ni ya vitendo, kila mwanafunzi akiwa na seva yake ya kuharibu na kutengeneza? Slaidi peke yake hazitoshi.

Je, toleo linalofundishwa ni lile mnalotumia au mnalokusudia kuhamia?

Je, akirudi atapewa muda? Kusafisha kanuni za tahadhari za taasisi kubwa ni kazi ya wiki kadhaa. Fundi anayerudi na kukuta foleni ya kubadilisha wino wa printa atasahau yote.

Na kwa asiye na bajeti, njia ipo. Zabbix, Nagios na Prometheus zina matoleo yasiyo na ada, na nyaraka zake ziko wazi mtandaoni. Kompyuta ya zamani na uvumilivu vinatosha kuanza. Fanya zoezi moja wiki hii: chukua orodha ya tahadhari za siku 7 zilizopita, na kando ya kila moja andika kilichofanywa na nani. Zile zilizobaki bila jibu ndizo zinazowafundisha wenzako kupuuza zile nyingine.

Fundi wa kituo kile alipelekwa mafunzoni mwaka uliofuata. Aliporudi alitumia karibu mwezi mzima kufuta kanuni alizoziandika mwenyewe. Siku moja tukiwa kantini nilimtania: "Kaka, mbona simu yako siku hizi imekuwa bubu?"

Aliiweka mezani, sauti ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho. "Dada, hii ikilia usiku, ujue mimi natafuta viatu."

Mara ya mwisho nilipomuuliza, alisema huwa anaijaribu kila Jumatatu asubuhi: anazima kwa makusudi kifaa kimoja kisicho na madhara, kisha anasubiri simu iite. Isipoita ndani ya dakika mbili, siku hiyo hafanyi kazi nyingine yoyote mpaka ajue kwa nini.